Jiwe Ndani ya Kikapu cha Huduma ya Kwanza

Ziara ya darasa la tano katika shule yetu hupangwa na mimi. Sikuiomba kazi hiyo. Siku moja nilikosa kikao cha walimu kwa sababu ya jino, na niliporudi nikakuta nimeshateuliwa. Huu ni mwaka wa sita, na jino lenyewe liling'olewa zamani.

Kila mwaka tunakwenda mahali palepale: kilima chenye msitu, upande wa barabara ya Kondoa, mwendo wa saa mbili kutoka Babati mjini ukiondoa muda wa kutapika. Pale kuna mhifadhi anayewatembeza wanafunzi. Asubuhi anawafundisha miti, ndege na nyayo za wanyama. Mchana anawafundisha historia, yaani pango lenye michoro, na kibanda cha nyasi walimoweka vitu vya watu wa kale. Tukirudi, kila mwanafunzi anaandika ripoti ya ziara, nami nazisahihisha. Nyingi zinaanza na chapati na kuishia na chapati.

Naishi Nangara, hapohapo Babati, na mama yangu mzazi. Mwaka juzi niliporudi kutoka ziarani nilimwonyesha picha kwenye simu. Mama anapenda picha zenye watu anaowafahamu, na hizo hazikuwa na mtu anayemfahamu isipokuwa mimi, ambaye ananiona kila siku, kwa hiyo alikuwa anapitisha kidole tu kwa adabu. Alipofika kwenye picha ya kile kibanda, kidole kikasimama. Akaniambia niikuze. Nikaikuza. Akauliza hilo jiwe wamelitoa wapi.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa: ni jiwe la kusagia nafaka, liliokotwa chini ya kilima, ni la watu wa kale. Akauliza watu wa kale gani. Nikasema wale wa zamani sana, wa enzi za mawe. Mama akanitazama, halafu akatazama jiwe.

"Mimi sijawa wa zamani kiasi hicho," akasema.

Mama yangu alizaliwa chini ya kilima kilekile. Wakati huo hapakuwa hifadhi, palikuwa kwao. Alikuwa na miaka kama tisa ilipotoka amri ya watu kuhamia vijijini. Lori likaja, kila kaya ikaambiwa ipakie inachoweza. Bibi yangu akapakia watoto, kuku, chungu na debe la maharage. Jiwe la kusagia lilikuwa zito mno, na mtu wa lori akasema hilo halipandi. Bibi alibishana naye mpaka kuku mmoja akaruka na kupotea. Mwishowe alichukua lile jiwe dogo tu, la kushika mkononi na kusugulia juu ya lile kubwa, akalifunga mgongoni kwa kanga pamoja na mtoto mchanga. Kuhusu lile kubwa alisema atalirudia.

Hakulirudia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo akila unga wa mashine, na sikumbuki ugali hata mmoja ambao hakuulalamikia. Unga wa mashine, alisema, umeungua kabla ya kupikwa. Alifariki mimi nikiwa kidato cha pili, na jiwe dogo likabaki kwa mama. Nyumbani tunaliita mtoto. Kazi yake ya kila siku ni kuzuia mlango wa jikoni usijifunge.

Jiwe kubwa lilikuwa na kovu. Mama alilitia mwenyewe akiwa mdogo: alikuwa anagongomea mpini wa jembe kwenye ukingo wake, kikabanduka kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Alichapwa vibaya, na habari ya kuchapwa huko nimeisikia kila nilipovunja sahani. Kwenye picha yangu upande huo haukuonekana. Basi Mama akaamua atakwenda kuangalia mwenyewe. Kovu likiwepo, atalibeba jiwe la mama yake alilete Nangara. Nilimwambia vitu vya pale havibebwi. Akasema yeye hana haja na kitu cha pale, anakwenda kuchukua kitu cha kwao. Mwaka jana mguu ulimsumbua, hakuweza kusafiri. Mwaka huu ukapona, na mimi nikakosa pa kujificha.

Mwalimu mkuu anaruhusu watu wazima watatu kwenye basi: mimi, mzazi mmoja, na mtu wa huduma ya kwanza. Mama si mzazi wa mwanafunzi yeyote, na huduma ya kwanza anayoijua ni maji ya chumvi. Alikwenda ofisini peke yake. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba aliingia na maparachichi manne, akatoka bila maparachichi, na jina lake likawa limeandikwa kwenye karatasi.

Kosa langu nililifanya wiki ile kabla ya safari, na nilidhani nafanya vizuri. Niliwafundisha wanafunzi sheria za hifadhi kwa kuitikia, maana darasa la tano likipewa kitu cha kuitikia halikisahau mpaka linamaliza la saba. Nikiuliza sheria ya kwanza, wanajibu, "Hatuchukui chochote!" Ya pili, "Hatuachi chochote!" Ya tatu, "Hatupigi kelele!" Hiyo ya tatu ndiyo waliyoipigia kelele kuliko zote. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikavimba.

Asubuhi ya safari Mama alivaa kitenge cha kanisani. Mkononi alikuwa na kikapu chenye spiriti, pamba, bandeji na plasta, na juu ya kikapu alikuwa ameweka ngata mpya, ameisokota vizuri kutokana na kanga ya zamani. Mzazi aliyefuatana nasi alimuuliza ngata ni ya nini. Mama akasema ni ya huduma ya kwanza. Nilikuja kugundua pia kwamba alikuwa ameshapatana na dereva wa bajaji wa jirani atusubiri shuleni jioni, kwa sababu kutakuwa na mzigo mzito. Nilitamani kuumwa jino.

Safari ilikwenda kama inavyokwenda. Watatu walitapika kabla hatujafika mbali, na mmoja ambaye hakuwa amesikia kichefuchefu akatapika kwa kuwatazama wenzake. Mama aliwapa limau na kuwaambia watazame mbele. Kikapu alikuwa amekibana katikati ya miguu, na kila basi lilipopita kwenye tuta nilisikia kitu kikigonga chini kwa uzito. Spiriti haigongi hivyo. Sikuuliza, kwa sababu nilishajua kwamba asubuhi ile mlango wa jikoni ulijifunga wenyewe.

Mhifadhi alitupokea getini. Ni msichana mdogo, mpole, buti zake zinang'aa, na maelezo yake ameyakariri vizuri hata pumzi anajua aivutie wapi. Wanafunzi wakamsalimia shikamoo kwa pamoja, ndege wote wa karibu wakaondoka. Akaanza kwa kuuliza nani amewahi kumwona kiboko. Nadhani alitegemea mikono miwili au mitatu. Mikono yote ikapanda. Sisi tunatoka kwenye mji wenye ziwa, na kiboko wa kwetu huja kula mahindi ya watu kama aliyeyapalilia. Mmoja akaeleza kwamba kwao kiboko alimaliza maharage, na baba yake akaenda kushtaki, akaambiwa alete ushahidi. Mhifadhi akasema vizuri sana, akahamia kwenye miti.

Kwenye miti Mama alinitia aibu, halafu akanitia fahari, halafu sikujua tena ni kipi. Mhifadhi akitaja jina la mti, Mama anataja jina lake kwa lugha ya kwetu, na unatibu nini, na ng'ombe akiula anakuwaje. Nilimkata jicho anyamaze. Yule msichana badala ya kukasirika akatoa kijidaftari akaanza kuandika, na akawa anamwita Bibi, na kwenye mawe yenye utelezi akamshika mkono. Nilimpenda kwa hilo. Nasema mapema ili isije ikaonekana kwamba nina kinyongo naye.

Baada ya chapati na mayai tukaenda kwenye kibanda. Jiwe lilikuwa pale, limelazwa juu ya mwinuko wa udongo, na pembeni pana kibao kinachosema ni la kusagia, na kwamba jiwe lake la mkononi halikupatikana. Wanafunzi wakajipanga nusu duara. Mama akasimama nyuma yao, kikapu begani.

Mhifadhi akaeleza jinsi mwanamke wa kale alivyoamka alfajiri na kusaga. Halafu akapiga magoti kwenye jiwe kuonyesha, mikono mbele, akisukuma hewa. Mama akaguna. Mguno wake ule naujua, ndio ulionilea.

Mhifadhi akainua uso akauliza, "Kuna nini, Bibi?"

Mama akamwambia amekaa upande ambao unga unatokea. Jiwe la kusagia huinama. Msagaji anapiga magoti upande wa juu, anasukuma kwenda mbele, na unga unaanguka kule chini kwenye ungo. Wao wamelilaza kinyume, na huyo mwanamke wa kale wanayemsema angemwaga unga wote mapajani mwake na watoto wangelala njaa. Wanafunzi wakacheka. Msichana wa watu hakuona haya kujifunza. Alimwita dereva wa basi na utingo wake, na mwenzake mmoja wa getini, wakalishika jiwe wote wanne na kuligeuza taratibu, wakihema.

Jiwe lilipogeuka, upande uliokuwa umeelekea ukutani ukaja mbele yetu. Kovu lilikuwa pale. Ukubwa wa kidole gumba, kwenye ukingo, palepale liliposimuliwa miaka yote. Nililiona mimi, akaliona Mama. Akainama akaweka kidole chake ndani ya lile kovu, kama anayejaribu pete.

Mhifadhi alikuwa na bakuli la mahindi ya kuonyeshea. Akamwomba Bibi awaonyeshe watoto jinsi ya kusaga. Mama akapiga magoti, akavuta kikapu, akatoa bandeji, akatoa pamba, na chini ya pamba akamtoa mtoto.

Akasaga. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akisaga. Maisha yangu yote tumekwenda mashineni. Mgongo wake ulikuwa unakwenda na kurudi bila kusitasita, na lile jiwe dogo lilipita kwenye bonde la lile kubwa bila kugonga popote, limeenea kama kifuniko na chungu chake. Sauti ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, haina haraka. Wanafunzi arobaini wakanyamaza. Hiyo sheria ya tatu, ambayo sikuwahi kuiona ikifuatwa, ilifuatwa kwa dakika tano nzima. Unga ukaanguka upande unaotakiwa.

Mama alipopumzika, mhifadhi alikuwa amechuchumaa kando yake, macho yanamwaka kwa furaha. Akauliza hilo jiwe dogo limetoka wapi. Mama akasema ni la nyumbani. Msichana akasoma kile kibao kwa sauti, ile sehemu inayosema jiwe la mkononi halikupatikana. Akaeleza, kwa upole kabisa, kama anayetoa zawadi, kwamba kama haya mawili ni ya pamoja basi ni jambo kubwa. Kitu chochote kilichotoka eneo lile ni mali ya eneo lile. Itabidi alipokee jiwe dogo na kuliandikisha, lilazwe hapo juu ya mwenzake, na kibao kitaandikwa upya, na jina la Bibi litawekwa kama aliyelileta.

Mama akauliza, "Na mwenye hili kubwa akija kulichukua?"

Msichana akatabasamu kwa huruma. Nadhani jibu lilimwia zito kulitoa mwenyewe, kwa hiyo akafanya walivyomfundisha kufanya maswali yakiwa magumu, akawageukia wanafunzi.

"Haya watoto, sheria ya kwanza inasemaje?"

"Hatuchukui chochote!"

Sauti arobaini, kwa mpigo mmoja, hakuna aliyechelewa hata silabi. Kazi ya mikono yangu. Kama ningeweza kuchapa darasa zima kwa kujua jibu, siku hiyo ningelichapa.

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Mkono mmoja ulikuwa juu ya jiwe kubwa, na mwingine umemshika mtoto. Mhifadhi akamuuliza tena, taratibu, maana alitaka kuandika: "Bibi, haya mawili ni ya pamoja?"

Mama akanitazama. Mimi ni mwalimu, nafundisha uraia na maadili, nimewahi kumsimamisha mtoto mbele ya darasa kwa kudanganya habari ya penseli. Nikatazama miti.

"Hapana," Mama akasema. "Si ya pamoja. Hili langu ni la kuzuia mlango."

Akalifuta unga lile jiwe dogo kwa bandeji ya shule, akalirudisha kikapuni, akapanga pamba juu yake. Mhifadhi akasema asante Bibi kwa kutuonyesha, na nikaona ameumia kidogo, kama mtu aliyepewa sahani akanyang'anywa. Sidhani kama alidanganyika. Lakini hakuuliza mara ya tatu, na kwa hilo pia nilimpenda.

Nikaenda kuwahesabu wanafunzi kwenye basi. Nilipata pungufu mmoja, nikarudia, nikapata pungufu mmoja tena. Mama alikuwa amebaki kibandani na msichana mmoja aliyechubuka kisigino kwa kiatu kipya, anambandika plasta. Ndiyo huduma ya kwanza pekee iliyotolewa siku hiyo. Nikawapigia kelele waharakishe. Wakaja wameshikana mikono, Mama anachechemea kuliko mgonjwa wake.

Ndani ya basi aliifungua ile ngata, ikarudi kuwa kanga, akajifunika. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimemkasirikia yule mhifadhi kwa kama dakika kumi, kisha nikawakasirikia wanafunzi, kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha kuitikia, na hapo sikuwa na mwingine wa kumkasirikia. Nikamuuliza Mama kwa sauti ya chini kwa nini amesema vile, wakati kovu sote tuliliona.

"Ningesema ndiyo, wangemchukua na mtoto," akasema. "Amebaki mmoja kule, inatosha."

Tukafika Babati jioni. Bajaji ilikuwa inatusubiri nje ya shule, na dereva alikuwa ametandika gunia nyuma kwa ajili ya mzigo. Akauliza uko wapi. Mama akamwambia hakuna mzigo, ila sisi wenyewe tumechoka. Tulipofika nyumbani alimtoa mtoto kikapuni, akamweka mlangoni pa jikoni, akaenda kulala na kitenge cha kanisani.

Jumatatu nikapokea ripoti. Nilisahihisha jikoni jioni, Mama akichambua mchele upande wa pili wa meza. Chapati zilikuwa nyingi kama kawaida. Mmoja aliandika kwamba watu wa kale walikuwa hodari lakini hawakujua kupanga mawe. Ya yule msichana wa kisigino ilikuwa karibu na mwisho, nusu ukurasa, mwandiko wa kujikaza. Ni mtoto wa watu wa kwetu, nyumbani kwao wanazungumza lugha ileile ya Mama, na mimi katika kuhesabu na kupiga kelele nilikuwa sijafikiria hilo. Aliandika hivi:

"Mimi niliumia mguu nikatibiwa na Bibi. Tulibaki wawili kwenye kibanda. Bibi alilipangusa lile jiwe kubwa kwa kitenge chake. Akaliambia kwa lugha ya kwetu, Mama nisamehe, nimekukana kwa ajili ya mtoto. Halafu tukapanda basi."

Nikainua macho. Mama alikuwa anatoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, anaviweka kando.

Mwongozo wangu wa kusahihisha unataka mimea mitatu, ndege wawili na jambo moja la kihistoria. Mmea hakuandika hata mmoja, na ndege hakuwataja kabisa. Nikampa kumi juu ya kumi.